Wanawake Watatu Walihesabiwa Vichwa Viwili: Waliotengeneza Njia ya Baiskeli Mnayoipenda Mtandaoni

Kuna aina moja ya klipu za baiskeli ambayo wadau mnanitumia sana. Mzungu yuko juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika simu. Kushoto maji yametulia kama kioo, kulia mashamba ya zabibu, juu matawi ya miti yamekutana yakawa dari. Hapigi pedeli kwa nguvu. Jasho hamna. Chini kaandika kwamba kaendesha kilomita kibao na hajakutana na mlima hata mmoja.

Watu wanajibu "maisha ndo haya". Sawa, ni maisha. Ila mimi swali langu lilikuwa lingine. Ile ni kusini mwa Ufaransa, na kusini mwa Ufaransa kuna milima. Fungua ramani uone: kaskazini ya njia ile kuna Montagne Noire, yaani Mlima Mweusi, na kilele chake, Pic de Nore, kina mita 1,211. Kusini kuna Pyrenees, ile milima mikubwa inayotenganisha Ufaransa na Hispania. Katikati ni vilima juu ya vilima. Sasa huo utambarare wote umetoka wapi?

Nikaanza kuchimba. Nilidhani nitatoka na posti fupi ya "sehemu za kutembelea ukipata viza". Nimetoka na wanawake waliobeba udongo zaidi ya miaka 350 iliyopita. Blogu hii mnaijua, tunapenda stori za watu wasiotajwa. Hawa ndo hawatajwi kabisa.

Tuanze na maji yenyewe. Ule siyo mto, ni mfereji uliochimbwa na watu, unaitwa Canal du Midi. Unaanzia Toulouse na kuishia kwenye rasi ya Thau, jirani na mji wa bandari wa Sète, Bahari ya Mediterania. Urefu wake ni kilomita 240. Pale Toulouse unakutana na mto Garonne, ambao unaelekea upande wa pili, Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuunganisha bahari mbili kwa kukatiza nchi kavu. Kabla ya hapo, mfanyabiashara aliyetaka kutoa mzigo bahari hii kwenda ile alilazimika kuizunguka Hispania yote, apite Gibraltar, apambane na dhoruba na maharamia. Wafalme walikuwa wameiota njia ya mkato kwa muda mrefu, lakini kila aliyeshauriwa alikwama sehemu moja: maji.

Hapa naomba msiruke, maana bila hiki kipande stori yote haieleweki. Maji hayapandi mlima. Mfereji unaovuka kutoka bahari moja kwenda nyingine lazima upande mpaka sehemu ya juu halafu ushuke upande wa pili. Mashua inapandishwa kwa vyumba vya maji: chumba kina lango mbele na lango nyuma, mashua inaingia, unafunga nyuma, unajaza maji, inanyanyuka, unafungua mbele, inasonga. Safi sana. Tatizo ni kwamba kila chumba kikifunguliwa, maji yanakwenda zake chini na hayarudi. Sehemu ya juu kabisa ya mfereji ni Naurouze, mita 189 kutoka usawa wa bahari, na kutokea hapo maji yanamwagika pande zote mbili, siku nzima. Usipopata maji ya kujazia pale juu, mfereji unakauka na mashua zinakaa kwenye tope.

Aliyekuja na jibu anaitwa Pierre-Paul Riquet. Huyu jina lake limehifadhiwa vizuri, ana sanamu Béziers tangu 1838 na kaburi kwenye kanisa kuu la Toulouse, kwa hiyo sitamaliza nafasi kwake. Cha kujua ni kwamba hakuwa injinia. Alikuwa mkusanya kodi ya chumvi. Enzi za Louis wa 14 chumvi ilikuwa mali ya serikali, unainunua kwa bei waliyopanga wao, na ndani ya bei kuna kodi. Raia waliichukia vibaya mno. Riquet aliitajirikia. Mwaka 1662 akamwandikia Colbert, waziri wa fedha wa mfalme, kwamba anajua namna ya kufikisha maji Naurouze: vijito vya Mlima Mweusi vikusanywe, vitiwe kwenye mtaro mrefu unaofuata ubavu wa mlima, viletwe taratibu hadi kwenye mfereji. Mwaka 1666 mfalme akatia saini, na sehemu ya hela za mradi ikatoka kwenye ile ile kodi ya chumvi.

Yaani mama wa kijijini analipia chumvi ya mboga, hela inazunguka kwa tajiri, halafu inarudi kwake kama mshahara wa kubeba udongo. Mambo haya hayajaanza leo.

Sasa mlimani. Vijito peke yake havikutosha, kwa sababu kiangazi cha kule maji yanapungua. Ikabidi lijengwe bwawa la kutunza maji ya masika. Wakachagua bonde la kijito cha Laudot, mahali panapoitwa Saint-Ferréol, juu ya mji wa Revel. Kazi ikaanza 1667 na kuisha 1672. Ukuta wake una urefu unaokaribia mita 800 na kimo cha zaidi ya mita 30, nalo bwawa linabeba zaidi ya mita za ujazo milioni 6. Kwa Ulaya ya wakati ule hakukuwa na kitu cha kulinganisha. Muundo wake ni kuta tatu za mawe zilizosimama sambamba, na katikati ya kuta kumejazwa udongo na mawe.

Hebu soma tena hapo mwisho. Kumejazwa udongo. Unajazwaje, mwaka 1667? Hakuna tingatinga, hakuna lori, hakuna kijiko cha kuchimbia. Udongo ulipanda kwa vikapu, na waliovibeba, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanawake. Safari moja, kikapu kimoja, unashusha, unarudi. Miaka mitano.

Kama umewahi kupita kwenye saiti ya ujenzi ukaona akina mama wanapandisha zege kwa makarai, basi picha unayo tayari, huna haja ya kuchorewa.

Kwenye mradi mzima walianza watu kama 2,000, na siku za kilele hesabu ikafika 12,000. Ila msiandike "watu 12,000" kwenye status zenu bado. Hesabu ile haikuwa ya watu. Ilikuwa ya vichwa. Hicho ndo kilikuwa kipimo chao cha kazi: kichwa. Mwanaume mmoja ni kichwa kimoja. Wanawake watatu ni vichwa viwili.

Niliposoma hivyo niliweka simu chini kwanza.

Ona inavyofanya kazi. Ukisoma kwamba siku fulani kulikuwa na vichwa 12,000 kazini, maana yake miili iliyokuwepo ilikuwa mingi kuliko hiyo, kwa sababu kila wanawake watatu waliopita pale mmoja amemezwa na hesabu. Siyo kwamba alikuwa mgonjwa au hakuja. Alikuja, alibeba, alirudi nyumbani kiuno kinauma. Kwenye kitabu hayupo.

Haki yake pia tumpe Riquet, maana nisije nikaambiwa nimeegemea upande. Malipo yake kwa enzi zile yalikuwa mazuri kiasi cha kushangaza: livre 10 kwa mwezi, na Jumapili zinalipwa, sikukuu za kanisa zinalipwa, siku ya mvua inalipwa, ukiugua unalipwa. Ufaransa ya karne ya 17! Kuna vijana wanasoma hapa sasa hivi na siku ya mvua bosi anawakata. Ila msidhani ilikuwa roho nzuri tupu. Alikuwa anagombania wafanyakazi na wenye mashamba. Mavuno yakifika kila mtu anarudi shamba, na mradi unalala. Ukitaka watu wabaki, toa hela. Wenye mashamba walinuna kweli kweli.

Kuna jambo jingine kuhusu wanawake hawa ambalo limeanza kusemwa juzi juzi tu. Mwaka 2009 mwanasosholojia wa Marekani, Chandra Mukerji, alitoa kitabu kizima kuhusu mfereji huu, na ndani yake anajenga hoja kwamba wale wanawake hawakuwa wabebaji tu. Wengi walitoka vijiji vya Pyrenees, na huko kwao kazi ya maji ilikuwa ya kila siku: kutoa maji mlimani kwa mitaro, kuyapitisha ubavuni mwa kilima bila kuyapoteza, kuyagawa kwa vijiji. Ujuzi wa tangu enzi za Warumi, uliobaki mikononi mwa wakulima baada ya vitabu kusahau. Kwa hiyo mainjinia wa mfalme walipokwama namna ya kupitisha mtaro kwenye mteremko mgumu, mtu aliyewahi kuuona mtaro wa namna hiyo unafanya kazi anaweza kuwa alikuwa pale pembeni, kikapu mkononi.

Wapo wasomi watakaokwambia hoja hiyo inahitaji ushahidi zaidi, na ni kweli kwamba mtu asiyejua kuandika haachi barua. Lakini mimi inaniingia akilini. Mtaro wa Mlima Mweusi haukuchorwa na malaika. Kuna mtu alijua kwamba pale maji yatakimbia na pale yatalala.

Tushuke sasa kwenye njia yenyewe, maana wapanda baiskeli mmeshaanza kunichoka.

Ile njia ya pembeni mwa maji haikuwekwa kwa ajili ya baiskeli. Ni njia ya farasi. Mashua hazikuwa na injini, zilivutwa kwa kamba na farasi anayetembea ukingoni, ndo maana njia iko usawa na maji na haina mwinuko. Mashua ya abiria kutoka Toulouse hadi Agde mwanzoni ilichukua siku 4. Leo kutoka Toulouse mpaka karibu na Naurouze, kama kilomita 50, pana lami safi kabisa, hata baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba inateleza. Ukipita hapo mambo yanabadilika: vumbi, changarawe, mizizi iliyotokeza. Wale wa kwenye klipu huwa wanakata kipande hicho.

Kuna sehemu moja naipenda sana kwenye ramani, nayo ni kati ya Argens na Béziers. Kilomita 54 hivi bila chumba cha maji hata kimoja. Usawa ni ule ule, mwanzo mpaka mwisho. Lakini siyo kwamba nchi pale ni tambarare. Vilima vipo, ila mfereji umekataa kuvipanda. Unakwepa. Unazunguka kilima, unarudi nyuma, unapinda tena, unapita kijiji cha Capestang kama mtu anayekwepa kudaiwa. Ukiuangalia kutoka juu utasema mchoraji alilewa. Hapana, alikuwa anafuata usawa wa maji, na kwenye kila kona kuna watu waliochimba kwa sururu.

Pale ambapo kukwepa kulishindikana, ni kilima cha Malpas. Mwaka 1679 ilibidi kitobolewe. Shimo lina mita 165 hivi na linatajwa kuwa handaki la kwanza la mfereji wa mashua Ulaya. Inasimuliwa kwamba mwamba ulikuwa laini na wa kumomonyoka, amri ikatoka kazi isimame, Riquet akaamua kuendelea kimyakimya, na kwa siku chache tu watobozi wakatokea upande wa pili. Jina la fundi mkuu limebaki. La waliolala chini ya mwamba unaomomonyoka, thubutu. Halafu kilima hicho hicho kimetobolewa mara tatu: karne ya 13 watu wa pale walipitisha bomba la kukausha ziwa la Montady, akafuata Riquet na mfereji, na karne ya 19 ikapita reli. Ukipanda kidogo pembeni mwa njia unaliona lile ziwa lililokaushwa, limekuwa mashamba yaliyogawanywa kama vipande vya pizza. Kiukweli ndo picha kali kuliko zote kwenye njia nzima, na watu wengi wanaipita bila kugeuka.

Kilomita chache mbele, unapoingia Béziers, kuna ngazi ya maji ya Fonserannes. Vyumba vinane vimefuatana, mashua inashuka kama mtu anashuka ghorofa, mita 21.5 ndani ya mita 300 hivi. Waliopewa tenda ya kujenga ni ndugu wawili wa ukoo wa Medailhes, na hawakujua kusoma wala kuandika. Sisi tulioishia kidato cha nne tunaruhusiwa kutabasamu kidogo hapo. Na nani walibeba mawe na udongo wa ngazi ile? Wanawake, tena wengi kuliko wanaume. Vyumba vimejengwa kwa umbo la yai, siyo mstatili, kwa sababu walishajaribu ukuta ulionyooka mwanzoni mwa mradi na udongo ukausukuma ukaanguka. Ukuta wa kupinda unaibeba ile nguvu. Ndo maana kila chumba cha zamani kwenye mfereji ule kina tumbo.

Riquet hakuuona mwisho. Alifariki Oktoba 1680, madeni yakiwa yamemfika shingoni, na mfereji ukafunguliwa Mei 1681. Mwaka 1686 akatumwa Vauban, yule injinia wa ngome, aje akague, akaongeza madaraja ya kupitishia mito chini ya mfereji ili usijae mchanga. Halafu karne mbili za nafaka na mvinyo zikapita juu ya maji yale, mpaka 1857 reli ya Bordeaux hadi Sète ilipokamilika. Biashara ikahamia kwenye treni. Farasi wakapungua, zikaja injini, na mwishoni mizigo ikakata kabisa. Njia ya farasi ikabaki haina kazi, na baiskeli ndipo zilipoingia. Mwaka 1996 UNESCO wakauweka mfereji kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ile dari ya majani nayo ina yake. Ni mikuyu ya Kizungu, ile inayoitwa platani, iliyopandwa kwa wingi karne ya 19, ikafika kama 42,000. Mwaka 2006 ikagundulika ina ugonjwa wa kuvu usio na dawa, ambao inaaminika uliingia Ulaya kwenye masanduku ya mbao ya risasi za jeshi la Marekani wakati wa Vita ya Pili. Unahama kwa mizizi na kwa mashua zinazogonga kingo. Mti ukiugua unakatwa na kuchomwa, na majirani zake pia. Maelfu wameshaanguka, inapandwa aina nyingine. Kwa hiyo klipu nyingi mnazozipenda ni za zamani. Ukifika leo kuna vipande vya njia ni jua la kichwa tu.

Sijafika Ufaransa, na nauli yake siyo ya mwezi huu wala ujao. Lakini siku nikifika sitaanzia Toulouse kama wengine. Nitashukia Naurouze, pale maji yanapoingia, na nitaufuata ule mtaro wa Riquet kurudi nyuma hadi Revel. Ni chini ya kilomita 40, pembeni mwake pana njia inayopitika kwa baiskeli, na kivuli kipo. Utambarare wote wa njia kubwa unatoka huko.

Baada ya Revel ndo mlima unaanza, kupanda Saint-Ferréol. Siyo mrefu, kama kilomita mbili, lakini umesimama. Tour de France imepita hapo. Mwaka 2010 Alexandre Vinokourov wa Kazakhstan alichomoka kwenye mlima ule ule, akawaacha wenzake, akashuka Revel peke yake na kushinda siku hiyo. Watu waliokaa pembeni ya barabara walimshangilia kwa jina.

Mimi nitapanda kwa gia ndogo kabisa, na nikishindwa nitashuka nisukume. Ukifika juu unakutana na maji, watu wanaogelea, watoto wanakula aiskrimu, na ukuta umejificha chini ya nyasi kiasi kwamba unaweza kudhani ni kilima cha kawaida. Unaruhusiwa kutembea juu yake. Mita karibu 800, udongo mtupu chini ya miguu, kikapu kwa kikapu, na bado unashikilia maji mpaka leo.